Mama Labo na Majina ya Wadogo

Siku ile katika labo, yaani maabara ya chuo, tulikuwa watu sita. Alikuwepo Masika, sekretere wa chuo, kwa sababu kompyuta yake ndiyo pekee iliyokuwa na kamera nzima. Alikuwepo Kambale, mwenye jenereta, ambaye alikataa kutuachia mashine yake. Alisema haimsikii mtu mwingine. Alikuwepo Papa Munguriek, mlinzi, aliyesimama mlangoni na fimbo ili mbuzi wa jirani wasije kulia dirishani. Alikuwepo mdogo wangu Innocent, mwalimu msaidizi wa mwaka wa pili, tayari kutafsiri Kiingereza pale Kifaransa kitakapokwama. Nilikuwepo mimi, ambaye kazi yangu ni kuosha vyombo, na ambaye sikuwa na sababu ya kuwa pale ila niliambiwa nisitoke. Na katikati alikuwepo yeye, ameketi kwenye kiti kisicho na mgongo, koti lake jeupe limepigwa pasi mpaka viraka vinang'aa. Ndani ya kompyuta walikuwemo watu watatu wa shirika la nje linalotoa ruzuku za utafiti. Majina yao yalisemwa haraka, sikuyashika.

Jina lake yeye sitaliandika. Bunia nzima walimjua kwa kazi yake tu: Mama Labo. Wanafunzi walimwita hivyo, na hata padri aliposoma matangazo alisema Mama Labo ameomba misa ya shukrani, na hakuna aliyegeuka kuuliza ni nani huyo.

Ilikuwa mara yake ya tatu kuomba ruzuku ile, na ya mwisho. Ilikuwa imewekwa kwa ajili ya walimu wapya wa sayansi ya tiba katika vyuo visivyo na vifaa, kama chetu, na neno "wapya" lilikuwa na mpaka wake: miaka kadhaa tu tangu mtu apate doktora, ile shahada ya juu kabisa. Miaka yake ilikuwa inaishia mwezi ule. Akikosa, mwakani hangeruhusiwa hata kujaza fomu. Na ndani ya droo yake, katika bahasha ya kaki, kulikuwa na majina ya watoto wadogo arobaini na watatu wa ufuoni mwa ziwa. Alikuwa amewaahidi mama zao kwamba atarudi na majibu, na hakuwa amerudi. Ruzuku ile kwake haikuwa cheo. Ilikuwa njia ya kurudi.

Kuhusu neno "wapya" tulicheka sana. Alipata doktora yake wakati nywele zake zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe pande zote mbili, kwa maana kwanza alifundisha miaka mingi bila kupanda ngazi, halafu vita, halafu chuo kikafungwa, halafu kikafunguliwa bila mishahara. Masika aliposoma tangazo kwa sauti, "watafiti vijana," alimtazama juu ya miwani.

"Mama Labo, weye kijana?"

"Kijana ya diploma. Magoti, hiyo iko mambo ingine."

Mimi alinipata kwenye geti la chuo. Baba na mama yetu walikufa katika mwaka mmoja, na mimi mkubwa niliacha masomo sekondari mwaka wa pili ili wadogo zangu watatu waendelee. Niliuza chai na mandazi pale getini. Asubuhi moja mwanamke mwenye koti jeupe alisimama mbele ya meza yangu bila kununua kitu, akitazama mikono yangu tu. Nilidhani anatafuta kosa.

"Vikombe unaviosha maji ngapi?"

"Tatu, Mama."

"Nani alikufundisha ya tatu?"

"Hakuna. Ya pili inabakiaka na sabuni."

Akanunua andazi moja, akalila pale pale, akaniambia nikimaliza chai yangu niingie ndani. Tangu siku ile nimeosha vyombo vya labo. Mkataba haukuwepo miaka miwili ya kwanza. Alinilipa kutoka mfukoni mwake, siku ambazo mfuko ulikuwa na kitu, na siku nyingine alinipa viazi. Yeye pia alianza kuniita Yaya, yaani dada mkubwa, kama Innocent anavyoniita, ingawa angeweza kunizaa mara mbili.

Alikuwa mtu wa kujinyima mpaka anachekesha. Penseli aliitumia mpaka ikawa ndogo kama jino, kisha akaifunga kwenye kijiti aendelee nayo. Alama za chupa aliziandika kwa penseli juu ya plasta ya vidonda, kwa kuwa wino unatoka ndani ya maji na penseli haitoki. Mwanafunzi aliyepoteza kifuniko cha chupa alikitafuta mpaka jioni. Lakini mtu huyo huyo alilipa ada za wanafunzi ambao hata hawakujua nani amelipa, na mmoja wao, kwa kutokujua, alikuwa akimsema vibaya kila mahali kwamba ni mwanamke mchoyo kuliko wote wa Bunia. Tulipomwambia alifurahi kweli.

"Aendelee vile. Akijua, atakuwa ananipigia magoti, na miye nataka asome."

Kila asubuhi, kabla ya kusalimia watu, aligusa ubavu wa frigo kwa mgongo wa mkono, kama mama anavyogusa shingo ya mtoto mwenye homa. Umeme ukiwa umekatika usiku alijua kwa mguso ule, na hapo hakuna aliyesalimiwa. Alifika kazini kabla ya jua, na kanisani alichelewa kila Jumapili. Alipoulizwa alisema Mungu ana subira na vijidudu havina.

Kwa hesabu alikuwa mkali kuliko mahakama. Siku moja Innocent, akiwa bado mwanafunzi, alihesabu mayai ya vimelea chini ya mikroskopi, akaandika ishirini kwa kuwa kumi na tisa ilionekana kama hesabu ya mtu aliyechoka. Mama Labo alimrudisha kwenye kiti, akamsimamia nyuma mpaka yakatoka kumi na tisa. Lakini kwa Kambale alidanganya bila aibu. Akimwambia jenereta itahitajika kwa saa moja, sote tulijua ni kwa saa nne.

"Mama Labo, ulisema saa moja!"

"Nilisema saa moja, Kambale. Sikusema ya leo."

Kambale alilalamika mpaka getini, na wiki iliyofuata alikuja tena. Alikuwa na mtoto aliyewahi kupona kwa sababu Mama Labo alikataa kuamini majibu ya mahali pengine akapima upya. Hakulisema hilo, wala Mama Labo hakumkumbusha.

Kazi yake ilikuwa kichocho, ugonjwa unaoingia kupitia ngozi ya mtu akiwa majini na kukaa ndani ya mwili miaka, ukila ini polepole. Ufuoni mwa ziwa uko mwingi. Na ajabu yake kubwa ilikuwa hii: aliyetumia maisha yake kwa ajili ya ziwa aliliogopa ziwa. Hakupanda mtumbwi hata mmoja. Alisimama juu ya ardhi kavu, viatu vimefungwa, akatoa amri. Vijana wa kule walimtania: "Mama, ingia kidogo, haitakukula!" Aliwajibu kwamba yeye anajua majina ya vitu vilivyomo ndani, wao hawajui, ndiyo sababu wao ni mashujaa.

Ugonjwa wenyewe hutafutwa katika choo. Kwa hiyo tulipofika Kasenyi, kijiji cha ufuoni, na mifuko yetu ya vikombe vidogo vyenye vifuniko, watoto walikimbia mbele yetu wakiimba, "Mama Mavi amekuya! Mama Mavi amekuya!" Innocent aliona haya mpaka masikio. Yeye alipiga makofi kufuatisha wimbo wao. Mama mmoja aliyekuwa anaanika samaki alimwuliza mbele ya watu wote:

"Mama, wengine wakikuya hapa banaomba samaki. Weye unaomba mavi?"

"Samaki mungeninyima. Hii nani ataninyima?"

Kijiji kizima kilicheka, na vikombe vyote vikapata wenyewe. Usemi wake wa kila siku ulikuwa kwamba mavi haidanganyaka. Mwingine, ambao mimi naupenda zaidi, ulikuwa: "Andika kwanza, utashangaa kisha." Aliusema kila mara mtu alipokuta jambo geni, na kweli alisubiri mpaka kalamu itue ndipo akaruhusu mdomo kufunguka.

Wakati ule alikuwa bado anatafuta doktora, na alikuwa akipima watoto wa shule tu, kwa sababu dawa ya kichocho hugawiwa shuleni na daftari la wanafunzi lipo tayari. Siku ya tatu nilishuka ufuoni kuchota maji ya kusuuza ndoo. Nikamkuta msichana wa miaka kama tisa anaosha sufuria, ameingia ziwani mpaka magotini, mdogo wake mgongoni. Kila alipoinama, miguu ya mtoto iliingia majini. Kando yake walikuwa wengine watatu, wakubwa na wadogo, hivyo hivyo. Nikapanda kumwita Mama Labo aje aone.

"Mama, na bale?"

"Bale hawako ku daftari ya masomo."

"Njo sababu ninauliza. Dawa inapitaka ku masomo. Tangu niliacha, kidonge haikunifikia tena. Na Baraka, mdogo wangu, mwenye nilikuwa nabeba ku mugongo, yeye alikuwa bado hata kuanza. Siye wawili hakuna mwenye alituandika."

Alifungua daftari lake. Kisha akakaa juu ya ndoo, akaandika nusu ukurasa, ndipo akasema, "Eh!"

Kesho yake hatukwenda shuleni. Tulikwenda majini saa za kuosha vyombo. Hapo ndipo alipobuni namna yake, ambayo sasa Innocent anaifundisha. Ukimwuliza jina la mtoto wa miaka miwili, utapewa jina la nyumbani leo na la ubatizo kesho, na mama yake ataitwa mama wa mtoto mwingine kabisa. Yeye aliandika kila mdogo chini ya jina la anayembeba. Mdogo wa mgongoni mwa Dorika. Wawili wa Anna, mmoja asubuhi na mmoja jioni. Alisema anayebeba hamsahau mdogo wake, na watu wote wanamjua, kwa kuwa kila siku anapita na mzigo ule ule.

Wakatoka wadogo arobaini na watatu. Alikwenda kwa kila mama akaahidi kwa mdomo wake kurudi na jibu. Tulirudi Bunia, tukapima, na wengi wao walikuwa na mayai ya kichocho, hata waliokuwa hawajajifunza kutembea vizuri. Alitaka kushuka tena wiki ile ile na dawa. Lakini kulikuwa kumeanza kupigwa risasi, barabara ikafungwa, na ilipofunguliwa, muuguzi tuliyemtuma na dawa alikuta nyumba tupu. Watu walikuwa wametawanyika, wengine Bunia, wengine Iga Barrière, wengine milimani, wengine ng'ambo ya maji. Kuwatafuta mmoja mmoja kulihitaji mafuta, watu, dawa, vipimo vipya na miezi. Chuo hakikuwa na hata chaki.

Ndipo akaanza kuandika maombi. Na hapa niseme kosa lake, kwa sababu lilikuwa kosa la watu wa kwetu hasa. Mara ya kwanza alimweka profesa wake wa zamani juu kabisa, kama mwenye kazi, yeye akajiandika chini. Mzee yule alikuwa amestaafu na hata hakujua jambo hilo. Lakini kwake, kuandika jina lake mwenyewe mbele ya aliyemfundisha kungekuwa kama kukaa kabla mzee hajaketi. Wakajibu kwamba kazi ni nzuri, ila haionekani kama mwombaji ana wazo la kwake. Mara ya pili alimwondoa profesa. Akaniweka mimi. Mahali palipoulizwa wazo limetoka wapi, aliandika kwamba limetoka kwa muosha vyombo wa labo. Wakajibu vile vile, kwa maneno marefu zaidi.

Innocent alishika kichwa.

"Mama, bale wanatafuta mutu moja mwenye anaweza kusimama peke yake. Unawapa kila mara mutu mwingine!"

"Nisimame peke yangu wapi? Hii labo ina mutu wa peke yake?"

"Ku karatasi tu, Mama."

"Ku karatasi njo sidanganyaka."

Wiki moja kabla ya siku ile ya kompyuta nilimkuta peke yake kwenye karai la vyombo, anasuuza chupa nilizokwisha kuosha. Alifanya hivyo akiwa na wasiwasi. Nikamwambia nilichokuwa nimepanga kumwambia.

"Mama, sema ni wazo yako. Miye nakupatia. Sina kazi nayo."

"Yaya, wazo haipatiwe kama kikombe."

"Kule ufuoni kuna batoto wanangojea. Jina yangu itawasaidia nini?"

Aliinua chupa kwenye mwanga, akatafuta doa, hakuliona, akaiweka chini. Usiku ule sikulala vizuri. Nitasema kweli: kuona jina langu kwenye karatasi ya chuo, mimi niliyeacha shule, kulikuwa kumenipa furaha ambayo sikumwonyesha mtu. Na nilikuwa nimemwomba alifute.

Basi siku ile, baada ya maswali ya mikroskopi na ya usalama wa barabara, mwanamke mmoja ndani ya kompyuta, mwenye sauti ya upole, aliuliza swali ambalo sote tulilijua linakuja. Innocent alitafsiri: profesa wako akiondolewa, wenzako wakiondolewa, kitakachobaki kuwa chako mwenyewe ni kipi?

Papa Munguriek aligeuka kutoka mlangoni. Mama Labo alinitazama, akamtazama yule mwanamke, akaanza kwa Kifaransa chake cha polepole, na mimi nililielewa kila neno, maana aliongea kama anavyoongea darasani.

"Swali la utafiti huu si langu," alisema. "Lilitoka kwa dada aliyeacha shule ili wadogo zake wasome. Yuko hapa. Mkitaka niseme si lake, tufunge kompyuta sasa. Lakini yeye hakujua namna ya kulijibu. Profesa wangu naye hakujua, wala nyinyi. Mimi ndiye niliyeacha darasa nikashuka majini saa za kuosha vyombo. Mimi ndiye niliyeandika mtoto kwa jina la anayembeba, na kwa namna hiyo naweza kumpata tena hata baada ya vita. Hiyo ni yangu peke yangu, hakuna mwingine aliyeifanya. Na ahadi niliyowapa mama zao nayo ni yangu peke yangu. Sikumtuma mtu mwingine kuitoa."

Kambale, ambaye Kifaransa chake ni cha sokoni, alipiga makofi. Masika alimfinya. Ndani ya kompyuta yule mwanamke alikuwa anaandika, na mwanamume wa pembeni alikuwa ameacha kuandika.

Tulipofunga, yeye alisimama, akanyoosha koti, akaniambia, "Yaya, nimekukata nusu. Utanisamehe?"

Nilimwambia nusu inanitosha. Na ilinitosha kweli, mpaka leo inanitosha.

Jibu lilikuja baada ya wiki nyingi, yeye akiwa anafundisha. Masika aliliingiza darasani likiwa limechapwa. Mama Labo alilisoma, akalikunja, akalitia mfukoni, akaendelea na somo la minyoo mpaka kengele. Tulikuwa dirishani, Kambale, Innocent na mimi, tunajaribu kusoma uso wake, na uso ule haukusema kitu. Alipotoka alituambia, "Wanafunzi walilipia saa nzima." Kisha akakaa kwenye ngazi, akalia, akacheka, akamwuliza Kambale kama jenereta inaweza kupatikana kwa saa moja.

Mikroskopi mpya ilipofika aliilalamikia mwezi mzima. Mwanga wake mkali mno, alisema, unaonyesha kila kitu hata kisichoulizwa. Lakini hakumruhusu mtu kuigusa bila kunawa.

Tukaanza kutafuta wadogo. Hatukutafuta mama zao, wala baba zao, tulitafuta waliobeba. Iga Barrière, mbele ya kibanda cha kuuza vocha za simu, Mama Labo alisimama mbele ya msichana mrefu mwenye vitenge vizuri, akamwuliza kama ni Anna aliyekuwa na wawili, mmoja asubuhi na mmoja jioni.

Msichana aliacha kuhesabu chenji.

"Mama Mavi! Siye tulifikiri ulikufa!"

"Nilichelewa tu, mutoto. Unisamehe. Wale wawili wako wapi?"

Walikuwa nyuma ya kibanda wanacheza mpira wa matambara, wakubwa, miguu yote vumbi. Tukawapima upya. Mmoja alikuwa na kichocho bado, tumbo limeanza kujaa. Alipewa dawa siku ile kwa uzito wake, mbele ya dada yake. Mama Labo alipiga magoti kwenye vumbi na magoti yake yale mabovu ili awe sawa na macho ya mtoto, akamweleza kila kitu, kilichomo tumboni na jinsi kitakavyotoka. Mtoto aliuliza kama kitauma kikitoka. "Kidogo," alisema. Hakusema hapana. Halafu akafungua bahasha, akapiga mstari kwa penseli chini ya jina la Anna, mistari miwili.

Hivyo tulikwenda miaka mitatu. Ruzuku ilikwisha, nyingine ndogo ikapatikana, na hiyo ya pili iliombwa na Innocent. Alijaza fomu kwa jina lake mwenyewe bila kutetemeka, na mwalimu wake alikuwa nyuma anamcheka.

Macho ya Mama Labo yalipoanza kuona mayai mawili mahali pa moja, aliacha mwenyewe, kabla ya mtu kumwambia. Alisema hesabu isiyo ya kweli ni mbaya kuliko kukosa hesabu. Akaenda kukaa kwa mdogo wake huko Kpandroma, milimani, kwenye baridi na maharage.

Mwaka huu, barabara ilipokuwa nzuri, nilipanda kumwona. Nilimkuta juani ukutani, amevaa makoti mawili, anachambua maharage na kuyapanga kwa ukubwa, bila sababu yoyote. Alinijua kwa hatua zangu.

"Yaya. Frigo?"

"Inafanya baridi."

"Innocent?"

"Anaongea sana ku mikutano. Anakusalimu."

"Aongee. Sasa sema."

Nilijua anauliza nini. "Wamebaki sita, Mama."

"Nani?"

Nikamtajia kwa majina ya waliobeba, mmoja mmoja, na kila jina alinikatiza: huyu shangazi yake alikuwa muuza samaki, uliza sokoni, huyu alikuwa na kovu mkononi, huyu alinipa kikombe kitupu na akaniapia kimejaa. Hakusahau hata mmoja. Nilikuwa nimekuja na mandazi, akala mawili na kulaumu mafuta.

Nilipotaka kuondoka alinishika mkono.

"Ile bahasha Innocent anayo?"

"Iko ku droo ya labo."

"Itoe kwa Innocent. Kaa nayo weye."

"Mama, miye sikusoma. Innocent njo mwenye proje, ruzuku iko kwa jina yake."

"Proje iko yake. Proje inaishaka. Ile si proje, ni watu walingojea na miye nilisema nitakuya." Alipanga maharage matatu. "Weye njo uliwaona wa kwanza."

Nilimwambia sawa. Aliniuliza kama magari ya kushuka bado yako, nikasema yako, akasema basi niende nisichelewe.

Baada ya kurudi nimempata mmoja, Bunia hapa hapa, mtaa wa Saio, nyumba sita kutoka kwetu. Nimekuwa nikipita mlangoni kwake miaka yote hii. Amepimwa, hana kitu, na mama yake alinifanya nile kabla ya kuondoka. Wamebaki watano. Wawili nasikia walivuka maji. Wa tatu na wa nne sina habari zao kabisa. Wa tano nimeambiwa amerudi Kasenyi na jamaa zake. Ni msichana, ana kama miaka kumi, hasomi, na asubuhi hushuka ziwani kuosha sufuria, mdogo wake mgongoni.